Mizani Isiyolala Dukani

Kwenye msiba wa Mama Kulwa, kule Didia, msemaji wa familia alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyependa kubishana na mtu. Nilikuwa nimekaa na akina mama chini ya turubai la upande wa jikoni, sahani ya wali na maharage mapajani, na nusura nisimame. Mpole! Mama Kulwa nilimwona kwa macho yangu akimwambia mnunuzi wa dhahabu mbele ya duka lake kwamba mdomo wake unanuka uongo. Lakini msibani si mahali pa kubishana, na mimi sasa ni mtu mzima, shikamoo napokea kwa wanawake wenye watoto wakubwa, kwa hiyo nikameza maneno pamoja na wali. Nimerudi Shinyanga na hasira yangu nzima. Mtu akishafariki watu humpaka sukari mpaka asijulikane alikuwa nani, na mimi siko tayari kumwona huyu akipakwa. Hapa hakuna wa kuninyang'anya kipaza sauti, basi nitausimulia mwaka ule niliokaa nyumbani kwake Kharumwa, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina cheti cha ufundi wa kompyuta na ulimi usiopenda kufungwa.

Kilichonipeleka Kharumwa ni televisheni. Mzee Hemedi, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa mjini mwenye asili ya Tabora na pwani kwa mbali, kanzu yake siku zote imenyooshwa kwa pasi, alikuwa amekimbiwa na wateja. Waliomkimbia ni akina mama wa mwaloni, yaani pale karibu na karasha ambapo mawe husagwa na kuoshwa. Wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, wakishamaliza kuosha mawe yao, akina mama hawa walikuwa wakichukua mchanga uliobaki, ule unaoitwa marudio, wanauosha upya kwa taabu mpaka wapate chochote. Chochote hicho walimpelekea Mzee Hemedi, na walikuwa wamechoka kuambiwa uzito kwa mdomo huku namba za mizani zimegeuzwa upande wa mpimaji. Mama Kulwa ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alimwambia Mzee: weka namba mahali tunapoiona sote, tutarudi. Mzee akatafuta fundi, na mfanyabiashara mmoja wa sokoni Shinyanga akanitaja mimi. Nikafunga kompyuta ndogo chumba cha nyuma, nikaiwekea mfumo wa Linux kwa sababu haikuhitaji leseni na haikuugua kila mtu alipochomeka flashi yake. Nikaandika programu ya kusoma uzito kwenye mizani kupitia waya wa USB na kuutuma kwenye televisheni kubwa tuliyoitundika ukutani, ikitazama mabenchi ya wauzaji. Siku ya kwanza nilikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, namba zikatokea, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akaniambia nibaki mwaka mzima niitunze mashine. Mama Kulwa akasema binti huyu halali gesti kama changudoa, atalala kwangu.

Chumba alichonipa kilikuwa nusu changu na nusu cha chakula. Upande mmoja kitanda cha kamba, upande mwingine magunia ya mpunga na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na harufu yake tamu ilishika nguo zangu mpaka nilipokwenda kuwasalimu ndugu zangu mjini wakaniuliza kama nimeolewa na mkulima. Asubuhi tulikula michembe iliyochemshwa kwa chai ya rangi. Mchana ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga nzito. Mama Kulwa alikuwa hali kimya. Aliniuliza maswali huku anamega tonge. Kompyuta inajuaje uzito? Nani anaiambia? Na huyo anayeiambia, nani anamwambia yeye? Nikimjibu kwa maneno ya chuoni alinikatisha: "Mwanangu, hayo kawaambie walimu wako. Mimi niambie kama unamwambia mwenzio kisimani." Nimefundisha vijana wengi tangu wakati huo na sijapata mwalimu wa ufundishaji aliyemzidi.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo mazungumzo ya uani yalikuwa yangu pia. Jioni, baada ya kuosha vyombo, akina mama walipita kumsalimu, mwadila mayu, mwadila, wakakaa kwenye majamvi wakasema Kisukuma ambacho mimi mtoto wa mjini nilikisikia vizuri kuliko nilivyokizungumza. Hapo ndipo nilipolisikia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza usoni, kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Mmoja alisema, "Ile televisheni ya Hemedi ni ya wanaume." Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwingine akasema afadhali zamani, wakati ule ulijua unaibiwa, sasa unaibiwa chini ya televisheni. Kisha Mama Kulwa, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea: "Mimi ndiye niliyewarudisha kwake. Niacheni nifikiri." Nilichokijenga ndicho kilichotumika kama chambo, na mwenye nyumba niliyokuwa nikila ugali wake ndiye aliyekuwa akilaumiwa.

Kesho yake nilikwenda dukani mapema nikakaa benchi la nyuma, nikatazama kazi yangu mwenyewe kama mgeni. Lazima nieleze kwanza desturi ya pale, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Mizani ya dhahabu hailali dukani. Watu wa machimboni wanaamini mizani iliyolala mahali pasipo mwenyewe inaweza kuchezewa, kwa mkono au kwa dawa, na hawataki kusikia habari ya kufuli. Mnunuzi anayeheshimika hulala nayo chumbani kwake, na asubuhi huileta mwenyewe ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa, watu wote wanaona. Hata Ijumaa Mzee Hemedi alikwenda nayo msikitini. Basi asubuhi ile alifika, akaitoa kikapuni, akaichomeka waya, akaenda zake kuzungumza na wenye maduara. Kiti cha kupimia kikabaki kwa mpwa wake, Rashidi, ambaye kila mtu alimwita Meneja. Televisheni ilikuwa inawaka, lakini katikati yake yaliandikwa maneno niliyoyaandika mimi kwa ajili ya siku ya bahati mbaya: HAKUNA MIZANI. Akina mama, ambao lazima wauze mapema wakapike, walisogea mmoja mmoja. Rashidi akapima, akatazama namba ndogo upande wake, akataja uzito kwa mdomo. Nilipomwuliza kulikoni, akanijibu bila kunitazama, "Mashine bado ina baridi." Jua lilipopanda, wanaume wa maduara walipoanza kufika na sauti zao kubwa, Rashidi alinyanyuka, akaingia chumba cha nyuma, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika jina lake na paswedi yake, akabonyeza programu. Namba zikatokea ukutani kama kawaida. Baridi ya mashine ilikuwa inajua jinsia.

Mama Kulwa alikuwa ameshamaliza kufikiri. Asubuhi nyingine alipeleka kipande chake cha dhahabu, akaambiwa uzito, akasema hauzi, akakirudisha kwenye pindo la khanga. Alasiri wanaume wakiwepo alikwenda tena na kipande kilekile, akakiweka mizanini, na televisheni ikasema kizito zaidi. Ndipo alipomwambia Mzee Hemedi lile neno la mdomo unaonuka. Mzee akamwambia dhahabu ya asubuhi ina unyevu. Unyevu huongeza uzito, haupunguzi! Hata mtoto anayefua nguo anajua. Lakini alilisema kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuaminiwa, na baadhi ya watu wakaitikia kwa kichwa.

Sasa nije kwenye kazi yangu, kwa sababu Rashidi asingepata mwanya kama mashine isingempa. Programu yangu niliitengeneza ijiendeshe yenyewe nyuma: kompyuta ikiwaka tu nayo iamke, isome mizani, isimngoje mtu yeyote. Ilikuwa inaamka kweli. Ikijaribu kufungua mizani, ilikuwa inakataliwa. Nikiiendesha mimi kwa mkono nimeketi mbele ya kompyuta, inafunguliwa mlango bila neno. Programu ni ileile, mizani ni ileile, waya ni uleule. Mwanzoni nilifanya wanavyofanya wengi: nilikifungua kile kifaa, yaani mizani, kwa amri ya msimamizi wa kompyuta, mwenye paswedi kuu, kila mtu asome. Programu ikasoma, nikashangilia, nikalala vizuri. Asubuhi HAKUNA MIZANI. Nikarudia, siku iliyofuata ikawa vilevile, mpaka nilipoelewa kwamba desturi ya pale ndiyo iliyokuwa ikiifuta kazi yangu. Linux kila inapochomekewa kifaa hukiundia mlango mpya, na ruhusa zilizowekwa kwa mkono kwenye mlango wa jana zimekwenda na mlango wa jana. Fundi wa mjini ambaye mizani yake haichomolewi angeweza kuishi miaka na kosa lile bila kulijua. Mimi mizani yangu ilikuwa inakwenda kulala kwa Mzee.

Na kwa nini Rashidi alifunguliwa? Hili lilinichukua muda mrefu zaidi, nikilisoma kwenye benchi la duka huku nzi wakinisumbua. Mfumo ulikuwa na kanuni yake iliyokuja nao: kifaa cha namna ile, mwenye haki nacho ni msimamizi, na pamoja naye yule aliyeketi kwenye kompyuta ameingia kwa jina lake. Si mwenye kazi. Ni aliyeketi. Programu inayojiendesha nyuma haijaketi popote, haina kiti, kwa hiyo inaachwa nje. Leo vijana ninaowafundisha hapa Shinyanga hunijia na shida hiyohiyo, wa printa, wa kamera, wa mashine ya alama za vidole: madamu, nikiiendesha mimi inakubali, ikijiendesha inakataa. Huwa nawauliza kwanza, nani amekaa kwenye kiti? Wanadhani ni mbinu ya darasani. Hawajui nilijifunza nikimwangalia mwanamume mmoja akinyanyuka kwa raha zake kwenda kuwasha haki ya watu saa anayoitaka.

Nilipopata jibu nilimwendea Rashidi kwa adabu zote. Nilimkuta anakula chipsi mayai chumba cha nyuma, sahani juu ya kompyuta yangu. "Meneja, nimejua tatizo. Nataka niirekebishe iwake yenyewe." Akatafuna mpaka akamaliza. "Si inawaka?" "Inawaka ukikaa wewe." "Basi nakaa. Sasa shida yako nini?" Nikamwambia nataka iwake kabla hajakaa. Akafuta vidole kwenye kitambaa cha mizani, jambo ambalo mjomba wake asingelipenda, akasema, "Zuhura, wewe umeajiriwa kutunza mashine, hujaajiriwa kuwatunza wale wanawake. Usiiguse tena. Hiyo ni amri." Nikaenda kwa Mzee. Mzee akanisikiliza, akanipa kahawa, akaniita binti yangu mara nyingi, na mwisho akasema mambo ya dukani nizungumze na Meneja. Kwa miaka kadhaa nilikuwa najiuliza kama Mzee alijua. Siku hizi sijiulizi. Alijua.

Nilimweleza Mama Kulwa mchana, tukiwa tumekaa jikoni, yeye anatwanga karanga. Nilimweleza kama kisimani. Nikamwambia mashine inampa mlango aliyekaa, na ninaweza kuiambia impe mlango programu yetu, mizani ikichomekwa tu, siku zote, akiwepo mtu au asiwepo. Akaacha kutwanga. "Meneja anaweza kuifuta?" Nikasema paswedi ya msimamizi ninayo mimi, yeye ana amri ya mdomo tu. Anachoweza ni kuchomoa waya wa televisheni. "Mbele ya watu?" akauliza. Nikasema ndiyo, uko ukutani, kila mtu anauona. Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha akanikazia macho: "Watakufukuza, unajua?" Najua, nikasema. Hakunibembeleza wala hakunizuia. Aliniongezea karanga kwenye nsansa yangu, akasema nile, mtu hafukuzwi akiwa na njaa.

Niliifanya Ijumaa, mchana kweupe, duka limesitisha biashara kwa swala, Mzee na Rashidi wako msikitini na mizani yao kikapuni. Sikujificha. Mlango wa mbele niliuacha wazi, na Mama Kulwa alikuwa amewaambia wenzake wasiuze asubuhi, wangoje benchi mpaka watu watoke kuswali. Niliunda kundi jipya kwenye mashine, nikaiingiza humo akaunti ya ile programu ya nyuma. Kisha nikaandika kanuni ya mstari mmoja: kifaa chochote chenye alama za kiwandani za mizani ile, kila kinapochomekwa, mlango wake upewe kundi hili. Alama zenyewe nilikuwa nimezinakili zamani kutoka kwenye majibu ya kompyuta. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikaiacha bila kuingia kwa jina la mtu. Televisheni ikaandika HAKUNA MIZANI, na safari hii ilikuwa kweli. Sikuwa na namna ya kujaribu. Kosa la herufi moja kwenye kanuni ile na ningeaibika mbele ya wanawake wote wa mwaloni. Nilikwenda kukaa nao benchi. Mmoja akaniuliza, "Na isipowaka?" Nikamwambia basi mnipige mimi. Akasema kwa Kisukuma kwamba mwili wangu mdogo, hautawatosha wote.

Mzee Hemedi alitangulia kurudi, Rashidi alibaki nyuma akizungumza na watu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akashangaa kidogo kuona mabenchi yamejaa. Akaitoa mizani kikapuni, akakikunjua kitambaa, akaiweka mezani, akachomeka waya. Kwa muda kidogo hapakuwa na kitu. Halafu yale maneno yakafutika ukutani, zikaja sifuri, kubwa, za kijani, zimetulia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Akina mama walikaa kimya wakizitazama, na kimya kile Mzee alikisikia, akageuka, akainua macho, akaziona.

Rashidi aliingia akiwa bado anacheka na mtu wa nje. Kicheko kikakatika. "Nani ameingia kwenye mashine?" Nikamwambia hakuna, kiti ni kile pale, kitupu. Alikwenda kukiangalia kweli! Akarudi, uso umebadilika, akanisogelea akasema kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka tuyamalize kifamilia, "Ungeniomba vizuri ningekuruhusu." Nikamjibu kwa sauti ya juu, maana sikuwa na la kuficha: "Sikutaka uruhusu. Nilitaka usiwe wa kuombwa." Mzee akaniita chumba cha nyuma. Alifunga mlango taratibu, akasimama kando ya kompyuta, kanzu yake nyeupe ikigusa vumbi la feni. Hakupiga kelele. Alisema, "Binti yangu, rudisha kama ilivyokuwa." Nikasema hapana. Akasema mimi ni mwajiriwa wake. Nikasema ndiyo. Akasema basi kachukue begi lako. Nikasema nitalichukua, Mzee, lakini kurudisha sirudishi. "Waya wa televisheni uko pale ukutani. Chomoa mwenyewe. Wote wanakuona."

Nilifungua mlango nikatoka mbele yake. Sikwenda kuchukua begi. Nilikaa benchi katikati ya akina mama, kwa sababu nilitaka nione. Mzee alitoka nyuma yangu, akapita mezani, akasimama karibu na ukuta ule, mkono mmoja umeshika ncha ya kanzu. Waya ulikuwa usawa wa bega lake. Wanaume wawili watatu wa maduara walikuwa wameshafika mlangoni, wakasimama nao kutazama. Rashidi alisema, "Mjomba." Mzee alikaa kwenye kile kiti cha kupimia yeye mwenyewe, akakisogeza mezani, akauliza, "Nani wa kwanza?"

Mama Kulwa akasimama. Akafungua pindo la khanga, akakiweka kipande chake juu ya mizani, na Mzee akafumbua mdomo, kwa mazoea, kutaja uzito. Mama Kulwa alimwinulia kiganja anyamaze. Hakumtazama yeye wala ile namba ndogo ya upande wake. Alitazama juu ukutani, akaisoma mwenyewe, kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka nje barabarani wakasikia.